Namna ya Kuchagua Mashine ya Kufunga Mabua Iliyokwisha Tumika

Maneno ya Kamati ya Zana katika mkutano wa kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Wenzetu waliotutangulia wamesema habari za ngano, za mikopo na za ghala. Sisi tumeombwa kusema habari ya chombo kimoja tu, yaani mashine ndogo ya kufunga mabua ya ngano yawe marobota, na hasa namna ya kuichagua ile iliyokwisha tumika kwa watu wengine. Huenda jambo hili likaonekana dogo. Lakini fedha za kununulia zana si zetu sisi wanakamati. Ni za kila mwanachama aliyetoa hisa yake, na mwenye kuzitumia hana budi kuzitolea hesabu. Leo twataka kutoa hesabu hiyo, pamoja na ya kosa letu.

Kwa muda mrefu wakulima wengi wa ngano huku kaskazini, kombaini ikiisha kupita, waliyachoma mabua ili wapate kulima upesi. Lakini ukame wa mwaka 2009 ulipoua ng'ombe wengi katika wilaya za Longido na Monduli, watu walitambua ya kuwa walikuwa wakichoma chakula. Kweli mabua si chakula bora, kwa maana protini yake ni haba. Hata hivyo ng'ombe aliye na mabua tumboni huuona mwezi ujao, na asiye na kitu hauoni. Nayo mabua yasiyofungwa hayachukuliki mbali wala hayawekeki ghalani. Hiyo ndiyo sababu ya kuitafuta mashine.

Mashine tunayoisema huvutwa na trekta, na shafti yake huzungushwa mara 540 kwa dakika. Huokota mabua kwa meno yake, huyasukuma katika chumba, na humo mchi wa chuma huyashindilia. Robota likitimia urefu, sindano mbili huleta kamba, na vifunga-fundo viwili hufunga. Robota hutoka lenye upana wa inchi 18 na kimo cha inchi 14, na uzito wa kilo 15 hivi, mzigo ambao mtu mmoja aweza kuubeba.

Sasa tulisimulie kosa letu. Mwaka 2019 tulikwenda kutazama mashine iliyokuwa ikiuzwa. Ilikuwa imepakwa rangi mpya nyekundu, na magurudumu yake yalikuwa mazuri. Muuzaji aliizungusha mbele yetu ikiwa tupu, na mlio wake ukawa mtamu. Tulilipa siku ileile. Tulipoifikisha shambani, katika kila marobota kumi, matatu yalitoka yamefungwa upande mmoja tu, yakafumuka kabla ya kufika chini. Tulingoja vipuri majuma matatu. Upepo ukapeperusha mabua, mifugo ikayakanyaga, na mwisho wenye mashamba wakayachoma, kwa maana hawakuweza kutungoja zaidi. Wanachama waliokuwa wamelipia marobota kabla ya mavuno walisimama katika mkutano mkuu wakadai fedha zao, na walikuwa na haki. Chama kiliwarudishia. Lawama haikuwa ya muuzaji peke yake. Ilikuwa yetu pia, kwa sababu tulinunua rangi.

Ndugu wanachama, moyo wa mashine hii si mchi wala meno. Ni fundo. Hebu tufanye hesabu. Shamba la hekta moja likitoa tani 2 za mabua, hayo ni marobota 130 na zaidi, na kila robota lina mafundo mawili. Basi mashine hufunga mafundo 260 katika hekta moja. Ikikosa fundo moja katika kila 20, marobota 13 yatafumuka, na mtu atalazimika kuyarudia yote kwa mikono.

Kwa hiyo yafaa mnunuzi aanze kutazama pale penye vifunga-fundo. Humo mna kipande kidogo cha chuma mfano wa mdomo wa ndege, ambacho huzunguka mara moja, kikaivuta kamba na kuifunga. Kipande hiki sharti kiwe laini kama kikombe. Kikiwa na kutu, au kikiwa kimechimbwa mfereji na kamba za miaka mingi, hakitaliachia fundo vizuri. Tazama na kisu cha kukatia kamba, kama kingali kikali, na sahani inayoishika kamba, kama haijalegea.

Baada ya hapo zima trekta, uondoe shafti, kisha uzungushe kwa mkono lile gurudumu zito la mbele, kwa kufuata upande wake wa kuzungukia. Fyatua kifaa cha kufungia, uzitazame sindano zikipanda polepole. Zisiguse chuma popote. Hakikisha pia kwamba kile kizuizi kinachouzuia mchi usizivunje sindano kingali chafanya kazi. Mchi wenyewe uutikise. Ukicheza sana, beringi zake zimekwisha, na visu vyake vitakuwa vinayatafuna mabua badala ya kuyakata. Wala mtu asithubutu kuingiza mkono humo wakati trekta inaunguruma.

Iko na bolti moja ndogo katika gurudumu lile zito, ambayo husema siri nyingi. Imewekwa makusudi ili ikatike mashine inapokwama, mashine isalimike. Ukikuta mahali pake pamewekwa bolti ngumu ya kawaida, jua ya kuwa mwenye mashine alichoka kubadili bolti, akaiacha mashine iumie.

Tena mabua ya ngano huteleza kuliko majani ya malisho. Mashine iliyolegea mabano ya kubania robota yaweza kufunga majani vizuri, na ikashindwa kwa mabua. Kwa sababu hiyo twasema kwa mkazo: usilipe mpaka umeiona ikifunga mabua, si majani, si upepo. Marobota hamsini mfululizo ni shahidi wa kutosha. Na kabla ya kulipa, uliza ni duka gani, katika mji ulio karibu, lenye vipuri vya mashine ya jina hilo. Mashine ya sifa kubwa isiyo na vipuri ni kiti tu cha kuku kulalia.

Neno moja la kamba. Katani ililetwa Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf, na kwa miaka mingi kamba za kufungia mavuno ya Ulaya na Marekani zilisokotwa kwa katani ya Afrika Mashariki, hata kamba za plastiki zilipoliharibu soko hilo. Sisi twachagua katani. Kipande kikisahauliwa shambani huoza, lakini plastiki ng'ombe akiimeza hukaa tumboni mwake. Ila ukibadili aina ya kamba, vifunga-fundo navyo havina budi kurekebishwa.

Mwaka 2021 tulinunua mashine ya pili. Rangi yake ilikuwa imebabuka, na mlango wake mmoja umechomelewa. Wanachama wawili walituuliza kama tumerogwa. Lakini tuliizungusha kwa mkono, tukaijaribu kwa mabua yetu wenyewe, tukahesabu marobota hamsini, na halikufumuka hata moja. Mwishoni mwa mwaka huo mvua zilikosa, na mwanzoni mwa 2022 ng'ombe walikufa kwa wingi Simanjiro na Longido. Ghala letu lilikuwa na marobota. Hatukuokoa kila mnyama, lakini hapana mwanachama aliyekuja na gari akarudi nalo tupu.

Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi twaongeza ya kuwa mali inunuliwayo bila kujaribiwa hupotea mbele ya macho. Miaka kumi ijayo Kamati nyingine itasimama hapa, nayo itanunua zana nyingine kwa fedha zenu. Iulizeni swali moja tu: mliiona ikifunga?