Kuchora Kabla ya Kukata

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama



Hapana karani miongoni mwetu athubutuye kupiga chapa barua ya mkubwa wake pasipo kuandika rasimu kwanza. Lakini tufikapo nyumbani na kutaka kujitengenezea kabati au meza, twashika msumeno papo hapo, kana kwamba mbao ni rahisi kuliko karatasi. Sisi tunaosema tulifanya hivyo, na hasara yake twaijua.

Tulitaka rafu ya vitabu, kimo chake futi 4 na upana futi 3, ikae baina ya mlango na dirisha, mahali penye inchi 36 kamili. Tulinunua mbao mbili za mninga, kila moja inchi 1 kwa inchi 8, urefu futi 12. Tulihesabu kichwani: vibao vinne vya futi 3 ni futi 12, basi ubao mmoja watosha. Vitatu vikatoka sawa. Cha nne kikapungua inchi 3/8, kwa maana msumeno nao hula mbao, yapata inchi 1/8 kila ukatapo, na ulikuwa umekata mara tatu. Tena, tulipovitia vile vitatu kati ya mbavu mbili, upana ukawa inchi 37 3/4. Unene wa mbavu tuliusahau! Fedha tuliyoidunduliza miezi miwili ilikwisha, na vitabu vikarudi sandukuni, jirani na mchwa.

Mara ya pili tulianza na penseli. Karatasi ya miraba yafaa sana. Inchi 1 ya karatasi na iwe badala ya futi 1 ya mbao. Rafu ile yaenea katika inchi 4 kwa 3. Chora sura tatu: ya mbele, ya ubavuni, na ya kutazama toka juu. Unene wa mbao hauonekani vema katika mchoro mdogo namna hii. Kwa hiyo pembe moja, mahali kibao kikutanapo na ubavu, sharti ichorwe kwa ukubwa wake wa kweli. Hapo ndipo kosa letu lingalionekana. Mbao zetu za inchi 1, baada ya kupigwa randa, zilibaki 7/8. Ondoa 7/8 mara mbili katika 36, hubaki 34 1/4. Vibao vinne ni inchi 137, na ubao wa inchi 144 watosha, pamoja na chakula cha msumeno.

Vipimo viandikwe kwa tarakimu. Usikate kwa kupima mchoro kwa rula, maana kosa la 1/32 katika karatasi ni 3/8 katika mbao. Kisha orodhesha kila kipande, na kitakatwa katika ubao upi. (Makarani hatuwezi kushindwa na orodha.)

Kabla ya kukaza misumari, pima toka pembe hadi pembe, kwa njia zote mbili. Rafu ya futi 3 kwa 4 iliyonyoka hutoa futi 5 kamili huku na huku. Zikitofautiana, isukume pembe iliyo ndefu mpaka zilingane.

Mchoro wa rafu ya pili tumekuja nao. Upo mezani kwa Bwana Katibu, na apendaye aunakili.