Kabla Hujamwita Mtoro



Leo nataka tumzungumzie yule mwenzako ambaye kiti chake darasani kiko wazi wiki ya tatu sasa. Unamjua. Labda ni mdogo wako. Labda ni wewe mwenyewe unayesoma hapa.

Jumamosi yuko sawa, mnacheka naye barazani. Jumatatu asubuhi tumbo linamkata, mikono inatetemeka akishika mkoba. Ikifika saa nne, skuli ishaanza, tumbo limepoa. Mtaani tunasema anajifanya. Wallahi si lazima iwe anajifanya. Hofu huingia mwilini, na akibaki nyumbani mwili unapata afueni, kwa hivyo kesho lango la skuli linazidi kuwa zito. Siku inakuwa wiki, wiki inakuwa muhula.

Wengine watasema imani ndogo. Nabii Yaqub (a.s.) alimlilia mwanawe Yusuf mpaka akapoteza kuona. Nani hapa atamwambia imani yake ilikuwa ndogo? Mtoto asomewe, ni sawa. Lakini kisomo hakimzuii kumwona daktari. Na fimbo si kisomo.

Tena fimbo skulini ni kosa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza kumtesa mwanafunzi, kimwili au kiakili. Kama anachokiogopa ni mwalimu, wazazi walalamike. Katiba nayo, ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, bure na ya lazima. Hilo neno "lazima" tumelisoma upande wa mtoto tu, kana kwamba sisi na serikali halituhusu.

Sasa wewe ufanye nini? Usimuulize "mbona huendi?" Ashaulizwa mara mia. Muulize ni saa ngapi ya siku iliyo ngumu zaidi kwake. Utashangaa. Mmoja ni somo moja tu, mwengine ni kuchekwa kwa ajili ya karo, na kule Kisauni mwengine ni njia ya kurudi jioni, anaogopa vijana wa mapanga. Kisha mwende pamoja kwa mwalimu wa ushauri nasaha, aombwe akubali arudi kidogo kidogo: masomo mawili wiki hii, manne wiki ijayo. Na asubuhi umpitie nyumbani. Njia ya watu wawili ni fupi.

Akizungumzia kufa, usiifanye siri hata kama amekuapisha. Usimwache peke yake, mwambie mtu mzima, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Port Reitz, pale Changamwe, wanatibu maradhi ya akili. Wa Likoni, ukivuka feri kuna Coast General. Simu ya watoto, 116, ni bure mchana na usiku.

Nasema haya manake tulipokuwa kidato cha pili tulimcheka mmoja, tukamtungia na jina. Hakurudi skuli. Tukikutana kivukoni mpaka leo, yeye ndiye huanza kunisalimia.