Zahanati ni Mali Yetu, Tuisimamie

(Mazungumzo ya Afisa wa Elimu ya Watu Wazima na wahitimu wa kisomo)



Leo tuzungumze juu ya zahanati ya kijiji. Wengi wetu tumeijenga kwa jasho letu. Tumesomba mawe, tumechota maji, tumefyatua matofali. Kazi hiyo ni nzuri. Lakini, ndugu zangu, ukuta hautibu malaria. Panatakiwa mganga aliyesomea kazi yake, dawa na vifaa.

Mwaka 1973 wananchi wapatao milioni 2 walishiriki kampeni ya "Mtu ni Afya". Walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, kisha wakachimba vyoo. Walijifunza kwamba afya haiji kwa kungoja.

Mwaka 2007 Serikali ilianza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi. Shabaha yake ilikuwa kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Majengo yameongezeka, lakini mahali pengi waganga na wauguzi hawatoshi. Dawa nazo huweza kuisha kabla nyingine hazijafika. Mama mwenye uchungu akikuta mlango umefungwa, itambidi aende mbali zaidi, huku damu inamtoka. Hapo twaweza kumpoteza yeye na mtoto.

Je, tufanye nini? Tangu mwaka wa fedha 2017/2018, sehemu ya fedha za afya hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati. Zahanati ina kamati ya usimamizi, na wanakijiji wamo ndani yake. Kamati hiyo husaidia kupanga matumizi, na hushuhudia dawa zinapopokelewa.

Basi ninyi mnaojua kusoma na kuhesabu msikae nyuma. Kwanza, wajueni wajumbe wenu wa kamati. Pili, ulizeni katika mkutano mkuu wa kijiji: Zimeingia shilingi ngapi? Zimetumikaje? Dawa zimepokelewa lini, na kiasi gani? Tatu, mtumishi akikosekana, jambo hilo liandikwe katika muhtasari wa mkutano, lipelekwe kata na wilaya.

Lakini tusimwonee mganga wetu. Pengine yuko peke yake, usiku na mchana. Tumtafutie nyumba nzuri ya kuishi, naye atakaa nasi.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la zahanati lipo. Kusoma mnajua. Haya, tulisome!