Trekta ya Dizeli Wakati wa Baridi

Sisi wa pande za Timboroa, juu ya mita 2,700, twajua trekta hugoma alfajiri. Dizeli haina cheche kama petroli. Mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa ndani ya silinda, na chuma baridi hulimeza joto hilo. Basi sisi hupasha plagi moto kwanza, tukangoja, ndipo tupige stata. Etha ya mkebe hatunyunyizi kabisa penye plagi hizo: hulipuka, na mkono utakaoungua ni wetu, si wa mnyapara. Injini ikiwaka twaiacha izunguke polepole dakika chache, maana oili bado ni nzito kama uji. Mnyapara akinung'unika kwamba twapoteza wakati, twamwambia: kupasha injini ni kazi, na saa zake ziandikwe kadini.