Kurudi Kliniki Si Kukosa Imani



Sisi wachungaji hukutana na Mkristo aliyepasuliwa uvimbe wa tezi za mate, akatibiwa kwa mionzi, akapona, akatoa ushuhuda kanisani. Miaka 5 ikipita, huacha kwenda kliniki. Husema, "Nikirudi, watu watasema sina imani."

Ndugu zetu, saratani za tezi hizi hutokea kwa nadra, na moja yao, iitwayo adenoidi sistiki, ina tabia yake. Hukua polepole, hufuata mishipa ya fahamu, na yaweza kurudi baada ya miaka 10, 15 au zaidi. Mara nyingi hujitokeza mapafuni, wala mgonjwa hasikii maumivu. Ndiyo sababu madaktari humwita achunguzwe hata baada ya miaka mingi.

Tukisoma Walawi 13, kuhani alimtazama mgonjwa, akangoja siku 7, akamtazama tena. Aliyeagiza kutazama mara ya pili ni Mungu mwenyewe. Nao wakoma 10 wa Luka 17, Bwana aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani.

Basi sisi tuliopiga makofi siku ya ushuhuda, makofi yetu yasimfunge mwenzetu. Tumchangie nauli. Tukae naye akingoja picha ya kifua. Na majibu yakiwa mabaya, tusimwulize alikosa nini, tubaki naye.

Tuombe. Ee Bwana, utupe imani isiyoogopa kuchunguzwa, na upendo usiochoka kusindikiza. Amina.