Askofu Aliyedhaniwa Hana Kazi

Kabla hatujafika Havana, tupite kwanza Kariakoo. Jioni, kando ya vibanda vya Mtaa wa Congo, utakuta ubao wa drafti juu ya stuli, vizibo vya soda vya huyu vimelala kifudifudi, vya yule chali. Wachezaji ni wawili, watazamaji tisa, na wote tisa mabingwa. Mchezaji akisogeza kizibo cha mstari wa nyuma, mwenzake hupenya pale pale na kupata kingi. Ndipo zinapopigwa kelele: "Umelala, mzee!" Kizibo kile kilikuwa kimetulia mchezo mzima, mwenyewe akakiona kama mgeni aliyekuja kula tu.

Mrusi Mikhail Chigorin alilala hivyo hivyo tarehe 28 Februari 1892, huko Havana, katika mchezo wa 23 wa pambano lake la sataranji na bingwa wa dunia, Wilhelm Steinitz. Steinitz alikuwa ameshinda michezo 9, Chigorin 8, na wa kwanza kufikisha 10 ndiye bingwa. Siku hiyo Chigorin alikuwa mbele kwa kete nzima. Angeshinda, wangekuwa 9 kwa 9.

Ngome mbili za Steinitz zilikuwa zimejipenyeza hadi mstari wa pili wa Chigorin, moja d2, nyingine e2. Mfalme mweupe wa Chigorin amejibanza pembeni, h1. Aliyezizuia ni askofu aliyekaa d6, mbali kabisa na vurugu, ambaye kwa njia ya mshazari alilinda h2. Kwenye hatua ya 32, ngome ya Chigorin ingekula askari wa b7 na kushinda. Yeye akamhamishia askofu b4, aitishie ngome ya d2. Steinitz akala h2. Mfalme angekimbilia g1, na ngome ya pili ingemmaliza kwa kutua g2. Chigorin akasalimu amri: 10 kwa 8, na sare 5.

Wengi husema ni presha. Mimi naona ni pupa ya kumpa kazi mtu aliye kazini. Kwenye bao kosa hili halipo, maana kete zote 64 ni sawa na hakuna iliyoajiriwa ulinzi. Anayekosea bao amekosea hesabu. Drafti ndiyo inayomwelewa Chigorin, na kwa hili wazee wa Kariakoo wangekuwa walimu wangu.

Miaka mitatu baadaye, katika mashindano ya Hastings ya 1895, Chigorin alimfunga Harry Pillsbury raundi ya kwanza, kisha akamaliza wa pili nyuma yake kwa nusu alama. Hilo nalo lina mhadhara wake. Ubao wa Havana nimeupanga pale mezani. Karibuni, ila askofu wa d6 msimguse.