Mshale wa Geji ya Tabo: Kabla Chama Hakijanunua Kifaa Kipya

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Mzinga, Morogoro



Mengi ya malori yanayopita Mlali kupanda Mgeta, na kuteremka na kabichi, karoti na viazi, siku hizi yana tabo. Baadhi yana geji ndogo katika dashibodi inayoonyesha msukumo wa hewa iingiayo katika injini. Mshale wa geji hiyo ukianza vituko, neno la kwanza linalosikika gereji ni kwamba tabo imekufa. Tabo ni kifaa cha bei kubwa, na fedha ya kuinunulia ni jasho la wanachama la msimu mzima. Kwa hiyo katibu anayeletewa ankara ana wajibu wa kuuliza: ni tabo iliyoharibika, au ni kitu kingine?

Kazi ya tabo si ya miujiza. Mswisi Alfred Büchi aliiandikishia hataza mwaka 1905, na msingi wake haujabadilika. Moshi utokao katika injini huzungusha gurudumu dogo. Gurudumu hilo limeungwa kwa mhimili mmoja na jingine linalovuta hewa safi na kuishindilia ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi zaidi huungua vizuri, na gari hupanda mlima likiwa na mzigo. Ndiyo kusema kwamba tabo hulishwa na moshi. Injini isiyopata mafuta ya kutosha haitoi moshi wa kutosha, na mshale utabaki chini hata kama tabo ni mpya kabisa. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea.

Kwanza isomwe geji yenyewe. Nyingi hulinganisha hewa ya ndani ya injini na hewa ya nje. Injini ikizimwa, mshale lazima ukae kwenye sifuri. Usipokaa hapo, kosa ni la geji. Ila zipo geji za umeme ambazo sifuri yake imewekwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Hewa ya pwani husukuma kwa kiasi cha bar 1.01, hapa bondeni, penye mita 500 hivi, ni karibu bar 0.95, na penye mita 1,500 katika milima ya Uluguru ni karibu 0.85. Geji ya namna hiyo itaonyesha chini ya sifuri kidogo ikiwa Mzinga, na chini zaidi ikiwa Mgeta, gari likiwa limezimwa. Hapo hakuna ugonjwa wowote.

Vipimo navyo huchanganya. Geji nyingi za Japani zimeandikwa kilo kwa sentimita ya mraba au kPa, nyingine bar, nyingine psi. Bar 1 ni kPa 100, nayo ni psi 14.5. Dereva aliyezoea kuona 10 katika gari la zamani akiona 0.7 katika jipya hushtuka, kumbe ni msukumo ule ule. Tena, gari dogo la petroli likisimama linanguruma pole pole, mshale hushuka chini sana ya sifuri, kwa sababu injini inavuta hewa kupitia mlango uliofungwa nusu. Lori la dizeli halifanyi hivyo. Mshale wake hukaa karibu na sifuri. Asiyejua tofauti hiyo atatengeneza kisicho kibovu.

Baada ya hapo uchunguzwe ule mpira mwembamba unaotoka kwenye injini hadi kwenye geji. Ukipasuka, mshale huonyesha kidogo ilhali gari linavuta kama kawaida. Ukikunjwa, au ukiziba kwa oili, mshale huchelewa kupanda na huchelewa kushuka. Mshale ukitetemeka mno, mara nyingi ni mapigo ya hewa ya injini yanayofika kwenye geji bila kupunguzwa. Njia ya hakika ni kuazima geji nyingine iliyo nzima na kuiunga mahali pale pale. Zikipatana, geji haina hatia.

Sasa, ikiwa kweli msukumo ni mdogo na gari limekuwa zito mlimani, utazamwe moshi. Moshi mweusi mwingi humaanisha mara nyingi kwamba mafuta yapo lakini hewa haitoshi: chujio la hewa limejaa vumbi la kiangazi, au mpira mkubwa kati ya tabo na injini umechanika au klipu yake imelegea. Maji ya sabuni yakipakwa kwenye maungio huonyesha mapovu hewa inapotoka. Ikiwa gari halina nguvu na moshi mweusi hauonekani, achunguze fundi chujio la dizeli na njia ya mafuta kabla hajagusa tabo. Ekzosi inayovuja kabla ya kufika kwenye tabo nayo huiibia chakula chake.

Mshale unaopita kiwango chake cha kawaida ni hatari zaidi, ingawa madereva huufurahia. Katika tabo nyingi upo mlango mdogo unaofunguka ili moshi mwingine upite pembeni, tabo isishindilie kupita kiasi. Mpira unaoufungua mlango huo ukichomoka, mlango haufunguki, na gasketi ya silinda hedi au pistoni ndizo zitakazolipa. Gari la namna hiyo lisipandishwe mlima hata siku moja.

Tabo yenyewe ipimwe mwisho, injini ikiwa imepoa na kuzimwa. Mpira wa hewa ufunguliwe, mhimili ushikwe kwa vidole. Kulegea kidogo sana upande kwa upande ni kawaida. Lakini mapanga yakigusa ukuta, au yakiwa yamelika, au mhimili ukienda mbele na nyuma kwa kuhisika, katibu aandike hayo katika daftari la gari pamoja na usomaji wa geji, fundi atie sahihi, ndipo ankara ipelekwe kwenye kamati.